Togwa Iliyoulaza Mtaa

1

Mistari miwili ambayo kwa miezi saba haikuwa inasalimiana ilikutana asubuhi ya Jumatano, na mimi nikamwaga chai.

Niseme mapema kwamba chai iliimwagikia ripoti ya Dokta Mapunda, haikugusa mitambo, maana watu wa maabara yetu hawaishi kutia chumvi. Naitwa Benigna Haule. Nina miaka hamsini na mmoja, kazi yangu ni kulea chachu, na tangu nipate akili sijawahi kulala usiku mmoja mzima. Shule ya msingi nilichapwa kwa kutazama dirishani, kwa kutikisa mguu, na kwa kuuliza swali la pili wakati mwalimu bado anajibu la kwanza. Siku hizi watoto wa namna yangu hawachapwi. Wanapewa mkeka.

Mkeka wenyewe unatandikwa juu ya godoro. Mtoto akilala, unasikiliza pumzi, moyo na jinsi anavyojigeuza, na kila alfajiri mikeka themanini ya Bombambili, hapa Songea, na mitaa ya jirani inaleta usiku wake kwenye kioo changu. Watoto wote themanini wana tatizo la umakini, na wote walikuja kwetu wakiwa na usingizi wa vipande vipande. Usingizi mbovu haukuwapa tatizo hilo, ila ulikuwa unalichochea kila siku. Kila mtoto anapata pakiti moja ya unga kwa siku, wa kukoroga kwenye uji. Pakiti zote zina madini ya chuma, zinki na magnesi. Nusu yake zina pia chachu yangu, iliyo hai, ambayo ikifika tumboni hutengeneza kemikali ya kuuarifu ubongo kwamba giza limeingia. Nani anapata ipi, sisi hatujui na wazazi hawajui. Kompyuta ndiyo inajua, na imefungwa mpaka Jumatatu.

Tulichokuwa tunaona ni mistari tu, wa bluu na wa kijani, kila mmoja wastani wa watoto arobaini. Wa bluu ulianza kupanda mwezi wa pili wa utafiti: watoto wanalala saa mbili na nusu usiku, wanaamka saa kumi na mbili, katikati hawashtuki. Wa kijani ulibaki chini unapepesuka. Hakuhitajika mganga wa kutuambia chachu iko upande gani.

Sasa wa kijani nao ulikuwa juu.

"Mikeka imeharibika," alisema Dokta Otmari Mapunda, mkuu wetu, mtu mpole anayeamini kwamba kila shida ya dunia ni waya uliolegea.

"Yote kwa pamoja, Dokta?"

"Basi programu."

Nikaurudisha mstari nyuma, siku moja moja. Haukuruka usiku mmoja. Ulianza kunyanyuka siku kumi na mbili zilizopita, mtoto mmoja, kesho yake wawili, kisha watano. Nikafungua ramani. Wa kwanza alikaa mtaa mmoja, nyumba ya nne kutoka kwenye tangi la maji. Wa pili na wa tatu walikuwa majirani zake. Kitu kilikuwa kinatembea kwa miguu hapo mtaani, kinaingia nyumba hii na kutokea ile.

Dokta alivua miwani. "Usiniambie chachu imetoka."

"Haiwezi kutoka. Ina kufuli."

Kufuli nililiweka mwenyewe, na nililionea fahari kupita kiasi. Chachu ya kulaza watu si kitu cha kuachwa kizurure, kwa hiyo nilipoitengeneza niliinyima uwezo wa kujitafutia chakula. Inakula sukari ya aina moja tu, ambayo haimo kwenye nafaka, tunda wala maziwa. Tunaitengeneza wenyewe na kuitia kwenye pakiti. Mtoto akiacha pakiti, chachu inakufa kwa njaa siku ya tatu. Nililijaribu kufuli hilo kwenye vyombo mia mbili, sufuria, mitungi, chupa, vibuyu, na kote ilikufa. Kwa sababu ya kufuli hilo tulipewa kibali cha kuanza.

"Jumatatu jopo la idhini linakaa," alisema Dokta. "Nenda ukaangalie. Lakini taratibu, Benigna. Usiende kuuliza kwa sauti yako ile."

2

Katikati ya ile mitaa kwenye ramani palikuwa na nyumba niliyoijua vizuri, ya Mama Egidia. Mwanawe Egidia, miaka tisa, alikuwa mtoto wetu nambari kumi na saba. Miezi saba nyuma nilipoenda kumpima hakuweza kukaa kitini mpaka niandike jina lake. Alasiri ile nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, ana fimbo mkononi, analinda kimea cha ulezi kilichoanikwa juani kisiliwe na kuku.

"Shikamoo, shangazi. Kuku anaweza kulala mchana kutwa?"

"Marahaba. Kwa nini unauliza?"

"Jogoo amekunywa togwa iliyomwagika jana jioni. Leo hakuwika. Tumemgusa na mti, anafumbua jicho moja, anafumba." Alinionyesha na fimbo. Jogoo alikuwa chini ya kizimba, kajikunja, anakula maisha. "Tangu asubuhi amejigeuza mara mbili. Mimi ninamhesabu huku ninalinda kimea."

Kwa mtoto yule, kuhesabu kitu kimoja huku akilinda kingine, tangu asubuhi, ilikuwa habari kubwa kuliko jogoo. Nilitaka kumpigia makofi. Badala yake nilichuchumaa nikamtazama jogoo, nikahesabu pumzi zake.

Mama Egidia, Leokadia kwa jina la ubatizo, alitoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga. "Dada Benigna! Karibu, karibu, huyo ni wa kuchungulia jogoo tu, hata hodi hapigi?"

Tulisalimiana, tukaulizana ya nyumbani, kisha nikauliza kwa sauti ambayo si yangu. "Pakiti za Egidia bado unazikoroga kwenye uji?"

Alicheka kwa haya. "Uji aliukataa mwezi uliopita. Anasema unanuka msumari. Namkorogea kwenye togwa, anainywa bila kelele."

"Na inayobaki kikombeni?"

"Inarudi kibuyuni. Ningeimwaga?"

Aliuliza kwa mshangao wa kweli. Maelekezo yetu yalisema wazi: mabaki yamwagwe. Niliyaandika mimi, niliyezaliwa Songea hii hii, niliyelelewa na mama ambaye angenivuta sikio kwa kumwaga togwa hata ya kuosha midomo.

"Na kibuyu unakiosha na nini?"

"Maji ya baridi, basi. Nani anatia sabuni kibuyu cha togwa? Hiki ni cha mama mkwe wangu. Alinikabidhi siku ya nne ya ndoa, kikiwa na togwa ndani, naye alipewa na mkwe wake. Hakijakauka hata siku moja."

Nikakumbuka vibuyu vyangu vya majaribio, ishirini na tano, vimepangwa rafuni vinang'aa. Nilivichemsha vyote kwanza. Nilitaka chombo safi, kama nilivyofundishwa, na nyumba zote za mji wetu zinatumia chombo ambacho mtu hathubutu kukisafisha.

Wakati huo aliingia Asumpta, binti anayeosha vyombo pale maabara kwetu, mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba hiyo. Alikuwa likizo ya uzazi, mtoto wa miezi minne mgongoni, bakuli mkononi.

"Mama Egidia, nimekuja kuomba mbegu ya togwa. Yangu imechacha vibaya. Shikamoo, mama Haule."

"Na wewe umesikia habari zake?" Mama Egidia alijivuna kidogo. "Kila mtu anaitaka hii. Wanasema tangu waiweke kwenye vibuyu vyao, watoto wanalala kama magunia."

"Umewapa wangapi?" niliuliza.

"Saba wa hapa karibu. Na wao wamewapa wao. Mbegu ya togwa unamnyimaje mtu?"

Alimmiminia Asumpta bakuli, akamwongezea kikombe kikubwa cha kunywa pale pale, maana anayenyonyesha anahitaji maziwa. Kisha akanimiminia na mimi.

Ningeweza kusema nimefunga, au tumbo linaniuma. Nilijua kilichomo, au nilikisia kwa uhakika wa asilimia tisini. Chombo cha kuchukulia sampuli nilikuwa nacho mfukoni, na nilikijaza. Lakini kikombe nilikinywa. Nisijisingizie heshima za ugenini. Nilikunywa kwa sababu nina miaka hamsini na mmoja, nimeunda usingizi kwa mikono yangu na kuwagawia watoto wa watu, na sijawahi kuuonja.

Ilikuwa tamu, na chini ya utamu kulikuwa na ladha ndogo ya msumari.

3

Nilifumbua macho nikaona jua mahali pasipo pake. Lilikuwa limeshapita dirisha, limefika kwenye mlango wa kabati. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Nililala pale pale nikijichunguza kama mtu aliyepewa mwili wa kuazima. Taya halikuuma. Mguu ulitulia, na niliusubiri uanze kutikisika, haukuanza. Nilifikiria jambo moja, kazi ya siku hiyo, likaja lenyewe bila kuvuta mengine kumi nyuma yake, likakaa mbele yangu mpaka nilipomaliza kulifikiria. Kumbe ndivyo wenzangu wanavyoamka? Kila siku? Na bado wanalalamika? Nililia kidogo, kwa furaha na kwa hasira ya miaka yote ile, halafu nikatafuta simu.

Zilikuwepo simu kumi na moja ambazo sikuzisikia, zote za Asumpta, kuanzia saa kumi na mbili na robo.

Nilimpigia. Alikuwa zahanati. Alikuwa analia na kusema kwa wakati mmoja, ikabidi nimwombe aanze upya. Alilala saa mbili na nusu. Mtoto alikuwa pembeni yake, kitanda kimoja. Mume wake yuko safari. Alipoamka kumekucha, mtoto yuko sakafuni kwenye saruji, nguo zimeloa, mwili wa baridi, mdomo wazi na hakuna sauti inayotoka. Alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha. Mwezi wa sita Songea unajua baridi yake.

"Mimi si mlevi, mama," alisema. "Mama mwenye nyumba anajua. Sijawahi kutomsikia. Hata akikohoa namsikia. Nimekuwa mama wa namna gani?"

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Wamemfunika na chupa za maji ya moto. Ananyonya kidogo. Wananiangalia vibaya, mama. Nimekupigia wewe kwa sababu wewe unajua mambo ya dawa, nimekupigia, hukupokea."

Sikupokea kwa sababu nilikuwa nimelala usingizi ule ule. Nilimwambia si kosa lake, na kwamba nitamweleza kila mtu pale zahanati kwa mdomo wangu mwenyewe. Alinishukuru. Shukrani yake ilinichoma kuliko matusi.

4

Maabara nilifika saa nne, mara ya kwanza kuchelewa katika miaka kumi na tisa, nikaweka tone la togwa ya Mama Egidia chini ya hadubini.

Kibuyu kile kilikuwa mji. Kulikuwa na wenyeji wa aina zisizopungua arobaini, nyingine sikuwa na jina lake, vizazi juu ya vizazi tangu kwa mkwe wa mkwe, na katikati yao chachu yangu, imenenepa. Nilitenga aina moja moja na kuiuliza mashine inakula nini na inatoa nini. Ya thelathini na tatu ilinipa jibu. Mwenyeji yule, akila kimea cha ulezi, huacha makombo, na makombo yake ni sukari inayofanana na ile yangu kiasi cha kuidanganya chachu. Kufuli langu halikuvunjwa. Ndani ya kile kibuyu kulikuwa na funguo tangu enzi za mababu, na sikuwahi kwenda kuangalia.

Nilicheka peke yangu. Ni jambo zuri kiasi hicho! Kwenye pakiti chachu inaishi kwa kupimiwa chakula. Kibuyuni inaandaliwa karamu mchana na usiku, ndiyo maana kikombe kimoja kiliniangusha siku ile ile. Ningeweza kukaa na swali lile miaka kumi. Je, vibuyu vya Mbinga vina mwenyeji huyo? Vya Njombe? Halafu nikakumbuka mdomo ulio wazi usiotoa sauti, na kicheko kikaniishia.

Dokta Mapunda alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema habari ya waya.

"Mtoto wa Asumpta atapona?"

"Atapona."

Alifunga mlango. "Benigna, leo Alhamisi. Jumatatu jopo likipitisha, chachu inakuwa haki ya kila mtoto mwenye hali hii, mikoa yote. Hakuna wa kuwanyang'anya tena. Tukipeleka taarifa leo, wanasimamisha kila kitu, pakiti zote zinarudi, na faili inaanza moja. Unajua inachukua muda gani."

"Miaka mitano."

"Sita. Egidia atakuwa na kumi na tano. Watamwita mtukutu, watamfukuza shule mbili. Mimi nina mjukuu ambaye hajaingia hata kwenye utafiti, unamjua, unajua anavyojigonga kichwa ukutani saa nane usiku." "Nenda kwa wale saba, kimya kimya. Wanaonyonyesha waambie waache. Jumatatu jioni tunasema yote, mimi na wewe, mbele ya kila mtu. Ni siku nne."

Nataka nieleweke: nilitaka kukubali. Hakuwa mwovu, na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Upande mmoja kuna watoto themanini ninaowajua pumzi zao, na nyuma yao maelfu. Upande wa pili kuna usiku nne, ambazo pengine zingepita salama. Na mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuonja kile nilichotakiwa kuwanyang'anya. Kama ningekuwa sijalala, labda ingekuwa rahisi kuamua.

"Nitakwenda kwa wale saba," nilisema. Sikumwambia nitafanya nini baada ya hapo, kwa sababu nilikuwa sijui.

5

Nilianzia kwa Mama Egidia, nikamweleza yote. Mara mbili alinyanyuka kitini, mara mbili akakaa. Alipofahamu habari ya Asumpta alijishika kichwa.

"Mimi ndiye niliyemmiminia. Kwa mkono wangu."

"Maelekezo niliandika mimi, Mama Egidia. Na nilikuwa nimekaa hapo hapo nakuangalia unammiminia. Nilijua."

Hakunitukana, na nadhani ilimgharimu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole wale aliowapa mbegu: mama huyu, mama yule, saba. Na hao walimpa nani? Alifika vidole viwili akakwama. Wake aliwajua, wa wenzake hakuwajua.

"Mimi ninawajua," alisema Egidia.

Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule. Ndani yake alikuwa amechora mistari, kutoka jina hadi jina, na pembeni ya kila jina kuna tarehe. Alikuwa akienda shule na kurudi anauliza watoto wenzake: togwa yenu mbegu mlitoa wapi? Wakimwambia, anaandika. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku kweli kweli, herufi nyingine zimelala chali, sikuweza kusoma hata jina moja.

"Nilitaka kujua inafika wapi," alisema. "Hili ni daftari la kwanza nimelimaliza mpaka jalada."

"Nyumba ngapi, mwanangu?"

"Thelathini na nane. Hii ni ya bibi wa kanisani. Huyu mama yake Nsajigwa, amejifungua wiki iliyopita. Huyu ana mapacha wananyonya. Hii ya mwisho ni ya jana, mama Kapinga wa kule reli. Mume wake anaendesha treni ya Mtwara."

"Treni ipi?"

"Ile ya saa moja jioni. Anapenda togwa, anabeba chupa."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Siku nne za Dokta Mapunda ziliishia pale. Nilipiga simu stesheni, nikampata msimamizi wa zamu, nikamweleza mara tatu mpaka akaacha kucheka. Walimtoa dereva kwenye orodha ya jioni ile na kuweka mwingine. Kisha nilituma taarifa kwa jopo, yote, pamoja na jina langu, kikombe changu, na kuchelewa kwangu. Nilipomaliza nilimpigia Dokta. Alisema "sawa" tu, akakata.

Nyumba zenyewe zote thelathini na nane zilikuwa bado, na giza halikuwa mbali. Ofisi ya kata ina vipaza sauti vya kutangazia chanjo. Mtendaji alinikubalia, ila alinipa ushauri ambao ulikuwa wa kweli: ukisema "wananchi wote", kila mmoja anadhani anaambiwa jirani. Ukitaja nyumba, mtu anaacha sufuria motoni anatoka kusikiliza.

"Basi zitajwe," nilisema. "Zimo humu." Na wote tukalitazama lile daftari, na hakuna aliyeweza kulisoma isipokuwa aliyeliandika.

Sikutaka asome kabla hajajua anasoma nini. Nilimketisha kwenye ngazi za ofisi, mama yake pembeni.

"Egidia. Ukishasoma, watu watachemsha vibuyu. Na cha kwenu."

"Najua. Ili wale wadudu wafe."

"Na pakiti zako pia zitasimama. Watakuja kuzichukua."

Alikunja uso. "Mimi sinyonyeshi."

"Hapana."

"Wala siendeshi treni."

"Hapana. Ni kosa letu, si lako. Lakini wakubwa wakisikia imetoka, wataisimamisha kwa wote, mpaka nitengeneze kufuli jingine."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitano. Labda sita."

Alifikiria. Aliuliza kama chachu inasikia maumivu ikichemshwa, nikasema sidhani. Aliuliza mtoto wa Asumpta alilia saa ngapi kabla sauti haijaisha. Nikasema hatujui, hakuna aliyemsikia. Hapo alifungua daftari.

"Mama, naweza kukataa?" aliuliza.

Mama Egidia alinitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe. "Unaweza," alisema. "Tutazunguka mlango kwa mlango, tutafikia tunaoweza."

Egidia alinyanyuka akaenda kwenye kipaza sauti. Mtendaji alimwekea kiti asimame juu yake. Nilitangaza mimi kwanza, maneno machache: togwa ina dawa ya usingizi, imetoka maabara kwetu, msiinywe, chemsheni vibuyu, na Asumpta hana kosa lolote. Kisha nikampisha.

Alisoma. "Nyumba ya mama Ngonyani, karibu na tangi. Nyumba ya mwalimu Ditrick. Nyumba ya bibi Kolumba, yenye geti la kijani." Sauti yake ilitoka kwenye kona nne za mtaa na kurudi kwetu imechelewa kidogo. Watoto wa umri wake walikusanyika wakaanza kumchekesha, mmoja anageuza kope, mwingine anacheza. Lori lilipita. Mbwa wawili waligombana chini ya kiti chenyewe. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari, na hakikuondoka. Milango ilianza kufunguka, wanawake wakatoka na vibuyu vyao kifuani. Alifika ishirini, akafika thelathini, akavuta pumzi, akafika thelathini na nane.

Nilikuwa nimehesabu kwa vidole vyangu, bila kujijua.

Alishuka kitini, jasho puani. "Shangazi, nimeruka hata moja?"

"Hujaruka hata moja."

Alilifunga daftari, akalitazama jalada, kisha akanitazama mimi. Hakuwa analia. Alisema tu, kama mtu anayekutaarifu mvua inakuja:

"Wiki ijayo ningeruka."

Mama yake alimshika mkono mmoja, mimi nikashika wa pili, tukaenda nyumbani kwao kuwasha moto.